Wezi wa Watu Mbele ya Sheria: Uhakiki wa Itifaki za Palermo na Matunda Yake

Katika sura ya kwanza ya Waraka wa Kwanza kwa Timotheo, wezi wa watu wametajwa pamoja na wauaji, waongo na waapao kwa uongo. Wahubiri wengi huipita orodha hiyo kwa haraka, na wakisimama husimama penye dhambi nyingine. Jambo linalosahaulika zaidi ni maneno yanayoitangulia. Hapo Mtume anakiri kwamba sheria ni njema, lakini papo hapo anatia sharti kwamba aitumiaye aitumie ipasavyo. Kwa hiyo mwizi wa watu na swali la matumizi ya sheria vimewekwa katika pumzi moja, nasi tunaona ni vyema tusivitenganishe. Katika makala hii tunakusudia kuzisoma sheria zilizotungwa katika kizazi chetu dhidi ya biashara ya binadamu na magendo ya wahamiaji kama tusomavyo matini yoyote tuliyofundishwa kuichambua, yaani kwa kuuliza ni neno gani limetumika, kitenzi kimewekwa katika hali gani, nani ametajwa na nani ameachwa. Kisha tutatazama matini hiyo imezaa nini mahakamani.

Huenda wapo watakaosema kwamba hiyo ni kazi ya wanasheria. Hatukubali. Mafundisho ya tawala mbili hayakutolewa ili mchungaji afumbe macho mbele ya utawala wa mkono wa kushoto wa Mungu. Yalitolewa ili aweze kuuambia utawala huo kazi yake ni ipi. Luther mwenyewe, akiifafanua amri ya saba katika Katekisimo Kubwa, hakusita kusema kwamba wezi wadogo hunyongwa hali wezi wakubwa huketi na wakuu wa nchi. Tutalirudia jambo hilo, maana ni vigumu kuzisoma kumbukumbu za kesi za miaka hii bila kulikumbuka.

Matini zenyewe ni mbili. Mwezi wa Novemba 2000 Baraza Kuu la Umoja wa Mataifa lilipitisha Mkataba dhidi ya Uhalifu wa Kupangwa Unaovuka Mipaka, pamoja na itifaki zake, na mwezi uliofuata zikafunguliwa kwa kutiwa sahihi katika mji wa Palermo, Italia. Itifaki moja inahusu biashara ya binadamu, hasa wanawake na watoto; nyingine inahusu magendo ya wahamiaji kwa nchi kavu, bahari na anga. Ile ya kwanza ilianza kutumika tarehe 25 Desemba 2003, siku ya Krismasi, sadfa ambayo nadhani watunzi wake hawakuikusudia. Ya pili ilifuata Januari 2004. Sheria ya Tanzania ya mwaka 2008, ya Uganda ya 2009 na ya Kenya ya 2010 zote ni watoto wa itifaki ile ya kwanza.

Mtu akitaka kuitendea haki Itifaki ya kwanza hana budi kukiri kwamba kifungu chake cha tatu kimetungwa kwa akili nyingi. Kosa lina viungo vitatu. Kwanza ni kitendo: kumwandikisha mtu, kumsafirisha, kumhamisha, kumhifadhi au kumpokea. Pili ni njia: nguvu, vitisho, utekaji, hila, kutumia vibaya mamlaka au unyonge wa mtu, au kumlipa mwenye mamlaka juu yake. Tatu ni kusudi, nalo ni unyonyaji: ukahaba, kazi za kulazimishwa, utumwa, kuondolewa viungo vya mwili. Ikiwa njia hizo zimetumika, ridhaa ya mhanga haihesabiwi. Na ikiwa mhanga ni mtoto chini ya miaka 18, njia haziulizwi kabisa.

Hili la ridhaa lina uzito kwa msomaji wa Agano la Kale. Yusufu aliuzwa na ndugu zake kwa vipande 20 vya fedha, na hakuna aliyemwuliza. Lakini yeye huyo huyo, katika Mwanzo sura ya 47, ndiye awanunuaye Wamisri pamoja na mashamba yao kwa ajili ya Farao, nao wanakuja wenyewe, wakijitoa kwa vinywa vyao, kwa sababu njaa imewazidi. Je, hiyo ni ridhaa? Msimuliaji hatoi hukumu, lakini wale waliokuwa wakizisoma habari hizo walijua jinsi kitabu kinachofuata kinavyoanza. Itifaki inapotaja unyonge wa mtu kuwa miongoni mwa njia za kumtia mikononi, inagusa jambo ambalo Mwanzo 47 inaliacha wazi. Tunaihesabu kuwa ni sifa yake kubwa.

Shida inaanza katika tafsiri, na tafsiri ni yetu. Katika magazeti, katika hotuba na hata katika maofisi, biashara hii imezoeleka kuitwa usafirishaji haramu wa binadamu. Msikilizaji wa Kiswahili asikiapo neno usafirishaji huona gari, barabara na mpaka. Huona dereva na utingo wake. Haoni nyumba yenye ukuta mrefu ambamo msichana wa miaka 13 hulala jikoni na hajalipwa tangu alipoletwa, kwa kuwa hapo hakuna safari tena. Kati ya vitendo vitano vya kifungu cha tatu, viwili tu, kusafirisha na kuhamisha, ndivyo vya safari. Vingine vitatu vinaweza kutendwa na mtu aliyeketi sebuleni kwake. Lakini jina tulilolichagua limekuwa taa inayomulika njiani tu, na polisi, hakimu na hata mhubiri huifuata taa hiyo.

Wala si mara ya kwanza katika pwani yetu sheria kukamata safari na kuiacha nira. Tarehe 5 Juni 1873 Sultani Barghash bin Said alitia sahihi mkataba na Waingereza uliokataza kusafirisha watumwa baharini, na soko la Zanzibar likafungwa. Siku ya Krismasi mwaka huo huo likawekwa jiwe la msingi la kanisa la Mkunazini mahali pale pale. Watu wengi hudhani kwamba utumwa ulikoma siku hiyo. Haukukoma. Kilichokatazwa ni safari na mnada. Aliyekuwa mtumwa shambani aliendelea kuwa mtumwa, na Zanzibar haikufuta hadhi ya utumwa kisheria mpaka mwaka 1897. Kwa miaka 24, basi, sheria ililiona jahazi na haikuliona shamba la karafuu. Bara ilichukua muda mrefu zaidi: Wajerumani hawakuthubutu kuufuta utumwa, walitangaza tu kwamba watoto watakaozaliwa na watumwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na Tanganyika ilingoja sheria ya Waingereza ya mwaka 1922. Wanafunzi wetu wa historia ya Kanisa huimba sifa za 1873. Tungependa wajifunze pia kuuliza kuhusu miaka ile 24.

Maandiko yameliona jambo hili kwa namna nyingine. Mwalimu wa Agano la Kale wa Leipzig, Albrecht Alt, alitoa hoja katikati ya karne ya 20 kwamba amri isemayo usiibe, kwa asili yake, ilimlenga mwizi wa mtu, na kwamba wizi wa mali umeshughulikiwa na amri ya kutotamani. Warabi walikwisha kulisema hilo zamani, kwa sababu amri jirani zake, za kuua na kuzini, zilikuwa na adhabu ya kifo, na wizi uliokuwa na adhabu ya kifo ni wizi wa mtu. Si wataalamu wote wanaokubali kwamba amri ilikuwa na maana hiyo peke yake, na sisi pia hatuoni haja ya kuibana hivyo. Lakini Kutoka 21:16 iko wazi. Inamtaja aibaye mtu, inataja kumwuza, na inamtaja mtu huyo akionekana mkononi mwa mwizi. Hakuna neno juu ya umbali wa safari. Mkono ndio unaotazamwa.

Tuurudie sasa uandishi wa Itifaki, maana yapo mambo mengine yaliyofichwa katika vitenzi vyake. Penye kutunga makosa na kutoa adhabu, mataifa yameamriwa: kila nchi itafanya. Penye kumhifadhi mhanga, yaani katika vifungu vya sita mpaka vya nane, sauti inabadilika. Nchi itafanya katika hali zinazofaa, kwa kadiri sheria zake zinavyoruhusu. Nchi itafikiria kuchukua hatua za kumpa mhanga makao, ushauri, matibabu. Nchi itafikiria kumruhusu abaki. Aliyefundishwa kutofautisha amri na ushauri katika matini ataona mara moja kwamba gereza limeamriwa na hifadhi imependekezwa. Tena Itifaki haina kifungu kinachosema kwamba mhanga asiadhibiwe kwa makosa aliyolazimishwa kuyatenda. Jambo hilo Baraza la Ulaya lililiweka katika mkataba wake wa mwaka 2005, katika kifungu cha 26, na hata hapo kwa maneno ya tahadhari.

Itifaki ya pili ni ngumu zaidi kuisifu. Kinadharia tofauti ni nyepesi: biashara ya binadamu ni kosa dhidi ya mtu, magendo ya wahamiaji ni kosa dhidi ya mpaka wa dola. Mhamiaji amelipa ili avushwe, naye anajua aendako. Lakini watu husafiri kwa miezi, na aliyeanza safari kama mteja huweza kuimaliza kama bidhaa. Walioshikiliwa Libya mpaka ndugu zao watume fedha walianza kwa kulipa nauli. Sheria inamtaka ofisa wa uhamiaji aamue katika kituo cha polisi, pengine bila mkalimani, kama mtu aliye mbele yake ni wa itifaki ya kwanza au ya pili. Akiwa wa kwanza ni mhanga. Akiwa wa pili ni mshtakiwa.

Hapo mtu atatujibu kwamba kifungu cha tano cha Itifaki ya magendo kinakataza mhamiaji kushtakiwa. Ni kweli, lakini tukisome chote. Kinasema mhamiaji hatashtakiwa chini ya Itifaki hii kwa sababu ya kuwa amevushwa kwa magendo. Kisha aya ya nne ya kifungu cha sita inasema kwamba hakuna lolote katika Itifaki linaloizuia nchi kumchukulia hatua mtu ambaye mwenendo wake ni kosa kwa sheria za nchi hiyo. Mkono mmoja umempa kanzu na mwingine umemvua kabla hajaivaa. Kuingia nchini bila kibali ni kosa karibu kila mahali.

Matokeo yake tumeyaona hapa petu. Njia iitwayo ya kusini hutoka Ethiopia, hupita Moyale na Kenya, hukata Tanzania, huingia Malawi au Msumbiji, ikielekea Afrika Kusini. Wengi wa vijana waipitao hutoka Hadiya na Kambata, ambako Ukristo wa kiinjili umeenea sana na ambako Kanisa la Mekane Yesu, mwenzetu katika Fungamano la Makanisa ya Kilutheri Duniani, lina sharika zake. Mwezi wa Juni 2012 miili zaidi ya 40 ya Waethiopia ilikutwa mkoani Dodoma. Walikuwa wamekosa hewa ndani ya lori. Mwezi wa Machi 2020, katika jimbo la Tete, Msumbiji, kontena lilifunguliwa na wakakutwa wanaume 64 wamekufa na 14 wakiwa hai. Mwezi wa Oktoba 2022 kaburi la pamoja lilifukuliwa Mzimba, Malawi, na Desemba mwaka huo huo miili 27 iliokotwa kando ya barabara pembezoni mwa Lusaka.

Wale wanaofika wakiwa hai na kukamatwa hushtakiwa kwa kuingia au kuwapo nchini isivyo halali. Wasioweza kulipa faini hufungwa, na wamalizapo kifungo wengi hubaki gerezani kwa kuwa hakuna nauli ya kuwarudisha kwao. Januari 2021, Rais wa Ethiopia alipomtembelea Rais Magufuli kule Chato, ilitangazwa kwamba wafungwa 1,789 wa Kiethiopia wangeachiliwa. Tunaomba msomaji aitafakari hesabu hiyo. Ni wafungwa wa nchi moja tu, katika magereza ya nchi ambayo hawakuwa na nia ya kukaa. Huruma ya Rais ilikuwa njema, lakini msamaha wa namna hiyo ni ushahidi dhidi ya sheria iliyouhitaji. Sheria iliyotungwa ili kuwakamata wafanya magendo ilikuwa imejaza magereza mizigo yao.

Na wafanya magendo wenyewe? Hapa ndipo Katekisimo Kubwa inapotusaidia kusoma magazeti. Baada ya zaidi ya watu 360 kuzama karibu na kisiwa cha Lampedusa tarehe 3 Oktoba 2013, waendesha mashtaka wa Palermo, mji ule ule wa itifaki, walimtafuta Mweritrea aliyedaiwa kuwa mkuu wa mtandao wa magendo. Mwaka 2016 kijana mmoja alikamatwa Khartoum, akapelekwa Italia kwa shangwe kubwa, akatangazwa kuwa ndiye. Ndugu na marafiki walipiga kelele kwamba siye. Vipimo vya vinasaba vya mtoto wa mtuhumiwa wa kweli havikulingana na vyake. Ilipofika Julai 2019 mahakama ilikiri kwamba alikuwa mtu mwingine, ikamtia hatiani kwa kosa dogo la kusaidia uhamiaji usio halali, na kwa kuwa alikwisha kukaa gerezani zaidi ya miaka mitatu akaachiliwa.

Huko Ugiriki mambo yalikuwa mazito zaidi. Mfanya magendo wa Uturuki hapandi mashua yake. Humkabidhi usukani abiria mmoja, au huiacha mashua ikielea mpaka abiria mmoja aushike. Sheria humkuta aliyeushika. Mwaka 2021 mahakama ya Lesvos ilimhukumu kijana Msomali kifungo cha miaka 142 kwa sababu hiyo, ingawa yeye alisema aliushika usukani ili kuokoa maisha, na waliokuwa naye walimshukuru. Mwaka 2023 mahakama ya rufani iliishusha hukumu hiyo mpaka miaka 8 naye akatoka. Hatudai kwamba kila ashikaye usukani hana hatia. Tunachosema ni kwamba matini inayopima kosa kwa safari itamkuta siku zote yule aliye safarini, na tajiri wa biashara hii hasafiri.

Lipo jambo moja zuri katika Itifaki ya pili ambalo mataifa yameliharibu. Ili pawe na magendo, inasema, lazima pawe na faida ya fedha au mali. Watunzi hawakutaka kumkamata ndugu, mtawa au mchungaji. Lakini Umoja wa Ulaya, katika agizo lake la mwaka 2002, haukulitaka sharti hilo kwa kosa la kusaidia mtu kuingia, ukaziachia nchi uhuru wa kusamehe au kutosamehe matendo ya huruma. Hivyo mkulima wa mizeituni wa bonde la Roya, Cédric Herrou, aliyekuwa akiwapa wahamiaji chakula na malazi baada ya kuvuka kutoka Italia, akajikuta mahakamani. Shauri lake lilifika mbele ya Baraza la Katiba la Ufaransa, nalo tarehe 6 Julai 2018 lilitamka kwamba undugu, ambao Wafaransa wameuandika katika wito wa taifa lao, ni kanuni ya kikatiba, na kwamba kutokana nao mtu ana uhuru wa kumsaidia mwenzake kwa huruma bila kuuliza vibali vyake. Baraza lilikomea mlangoni: uhuru huo haukuhusu kumsaidia avuke mpaka wenyewe. Mwaka 2020 mahakama ya Lyon ilimwachia Herrou huru. Ni jambo la kutufikirisha sana kwamba neno undugu, ambalo sisi hulisema madhabahuni kila Jumapili, limepata nguvu ya sheria katika nchi inayojivuna kutokuwa na dini.

Makanisa yamewahi kupita njia hiyo. Katika Tucson, Arizona, mwaka 1985 na 1986, mchungaji wa Kipresbiteri John Fife na wenzake kumi, wakiwamo mapadre na mtawa, walishtakiwa kwa kuwavusha na kuwaficha watu waliokimbia vita vya El Salvador na Guatemala. Serikali ilikuwa imepeleka wapelelezi wenye vinasa sauti ndani ya mafunzo ya Biblia. Jaji aliwakataza washtakiwa kueleza imani yao, hali ya nchi walizokimbia watu hao, au sheria ya wakimbizi. Wanane walitiwa hatiani, watatu wakaachiliwa, na hakuna aliyepelekwa gerezani. Na karibu zaidi na kwetu, Rabai, nyuma ya Mombasa, miaka ya 1880, William Jones, Mwafrika aliyekombolewa utumwani na kulelewa India, aliwapokea watoro wa mashamba ya pwani ingawa wamisionari walikuwa wameahidi kutowapokea. Mwaka 1888 ilionekana kwamba watoro waliokuwa katika vituo vya misheni walizidi 1,400, na kampuni ya Waingereza ikalazimika kuwalipa mabwana ili wapewe hati za uhuru. Kwa sheria ya wakati ule Jones alikuwa akihifadhi mali ya wizi. Kwa Kumbukumbu la Torati 23:15 alikuwa akitii.

Kifungu hicho cha Torati, kinachokataza kumrudisha mtumwa aliyekimbia kwa bwana wake, hakina ndugu katika sheria nyingine za kale tunazozijua; Hammurabi alimhukumu kifo amfichaye mtoro. Tunakitaja kwa sababu ya dada zetu waendao kufanya kazi za nyumbani katika nchi za Ghuba. Shirika la Human Rights Watch lilichapisha mwaka 2017 taarifa juu ya wanawake wa Tanzania walioko Oman na Falme za Kiarabu: pasipoti kuchukuliwa, mishahara kuzuiwa, kazi za mchana na usiku, wengine kupigwa au kunajisiwa. Nchi hizo zote mbili zina sheria dhidi ya biashara ya binadamu. Lakini chini ya utaratibu wa kafala mfanyakazi amefungwa kwa mwajiri aliyemwombea kibali, na akimkimbia, mwajiri anaweza kumripoti kuwa mtoro. Kwa sheria moja mwanamke huyo ni mhanga, kwa nyingine ni mhalifu, na kwa kawaida ile ya pili ndiyo inayofika kwanza.

Msomaji mwangalifu ataleta hapa Waraka kwa Filemoni, kwamba Paulo alimrudisha Onesimo. Hoja hiyo haiondolewi kwa neno moja. Lakini Paulo hakumrudisha kwa askari. Alimrudisha na barua iliyosomwa mbele ya kanisa lililokutana nyumbani mwa Filemoni, akajiandika kuwa mdhamini wa deni lolote. Anayetaka kuutumia waraka huo kuhalalisha kumrudisha mtoro na atumie wote, pamoja na dhamana.

Juu ya adhabu hatutakaa sana. Sheria ya Tanzania ya 2008 iliweka kwa kosa la kawaida kifungo cha miaka 2 mpaka 10 au faini isiyopungua shilingi milioni 5, na lile neno dogo, au, lilikuwa mlango wa matajiri mpaka lilipoondolewa kwa marekebisho ya mwaka 2022. Kenya ilisema miaka 30 au shilingi milioni 30. Mtu akipima atakuta kwamba katika neno hilo moja ndimo Luther alimowaona wezi wake wakubwa wakipita.

Linabaki jambo ambalo sheria haiwezi kulifika bila sisi. Wengi wa wahanga wa Tanzania hawakuvuka mpaka wowote. Ni watoto wa vijijini waliochukuliwa na shangazi, jirani au mtu wa usharikani, kwa ahadi ya shule au cherehani, wakafikishwa Dar es Salaam, Mwanza, Arusha au Zanzibar. Nyumba wanazofanyia kazi zimo za waumini, na nyumba za wachungaji zimo. Pengine katika mkoba wa mtoto imo barua ya utambulisho yenye mhuri wa usharika, ambayo mchungaji aliiandika bila kuuliza anakwenda kwa nani, kwa mshahara gani, na nani atamtembelea.

Mtoto huyo akirudi amevunjika, na mzazi akienda polisi, mara nyingi kesi hufa kabla haijasikilizwa. Pande mbili hukaa, fedha hutolewa, shahidi haonekani tena mahakamani. Na anayeombwa kukiongoza kikao hicho cha kumalizana ni mchungaji au mzee wa kanisa. Huombwa kwa maneno mazuri, kwa Mathayo 5 na Mathayo 18, kwamba Wakristo wapatane wangali njiani. Tunaona kwamba hapa Maandiko yametumiwa vibaya. Mathayo 18 inaanza na mtoto aliyesimamishwa katikati, na onyo la jiwe la kusagia kwa amkoseshaye; utaratibu wa kumwendea ndugu unakuja baada ya hayo. Katika vikao tunavyovijua mtoto hayuko katikati. Yuko nje na mama zake wadogo, au amekwisha kupelekwa kwa bibi yake. Fedha hupokelewa na baba. Kwa lugha ya kifungu cha tatu cha Itifaki, huko ni kumlipa mwenye mamlaka juu ya mtu.

Kwa hiyo tunapendekeza kwa ndugu walioko sharikani, na kwa wanafunzi wanaojiandaa kwenda huko, kwamba mchungaji asikubali kukalia kiti cha kikao cha namna hiyo wakati shauri liko polisi au mahakamani. Akikutwa kimekwisha kuanza, na aulize kwanza mtoto yuko wapi, aitwe, aketishwe karibu na mtu anayemwamini, na asikilizwe mpaka mwisho kabla mtu mzima yeyote hajataja kiasi cha fedha.